Viatu vya Kushoto vya Kondo

Mwajabu shoga, nacheka peke yangu jikoni. Mjukuu wangu kakataliwa kurudisha pasi mbovu dukani, nikamkumbuka dada yangu Mwamvita na lile duka la ushirika la Buguruni, enzi za Ujamaa.

Unajua vitu vilivyokuwaga shida. Kapanga foleni tangu alfajiri, kampatia mumewe Kondo viatu vya kuozeshea binti yao. Kufika nyumbani, vyote vya kushoto. Vyote viwili, shoga!

Karudi mbio. Muuzaji, Ndugu Albano, wala hakushtuka, akamuuliza:

"Ndugu, duka hili la nani?"

"La wananchi."

"Na wewe si mwananchi? Basi mwenye duka ni wewe. Sasa unamlalamikia nani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ndoa ni alasiri ileile, na Kondo kakaa kitandani na kanzu yake, pekupeku, anasubiri.

Mwamvita akajifunga kanga kiunoni, akazunguka kaunta.

"Haya, mwenye duka nimefika. Nipishe nitafute cha kulia."

Albano kapisha! Mwenye duka akapekua boksi zima. Kushoto. Kushoto. Kushoto mpaka chini!

Akainama, akamtazama Albano miguuni. Viatu vilevile!

"Hivyo ulivyovaa umevitoa wapi?"

"Hapahapa dukani."

"Dukani kwangu?"

"Ndiyo, ndugu."

"Vua cha kulia."

Na akavua, Mwajabu. Mbele ya foleni yote, akavua!