Kumbe Bi Edna hakuanguka ngazini

Shoga, uko?

Yule Bi Edna wa hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, yule asiyesema na mtu. Leo namfunga vifungo vya sweta, akaninong'oneza, "I fell." Nimeanguka.

Nikashtuka, nikabonyeza kengele. Nampapasa nyonga, magoti. "Umeumia wapi, mpenzi?" Akashika tumbo.

"Ulianguka wapi?"

"Blackpool, kule ufukweni, kiwanda kilipofungwa kwa likizo."

Mimi nikacheka. Nilicheka, shoga! Nikamwambia, "Basi tutakufunga bendeji."

Maureen, nesi wetu, akaingia, akasikia, akapiga magoti mbele yake. "Edna, ulipata mtoto gani?"

"Wa kiume. Walimchukua hata sijamnyonyesha."

Nilitamani ardhi inimeze.

Maureen akanieleza pale koridoni. Wazee wa huku wakisema msichana "fell", wanamaanisha kashika mimba. Miaka yote niliyokaa huku Lancashire, Uingereza, neno hilo nalijua la ngazi, la bei, la mvua, hata la mtu kuzama kwenye mapenzi. Hili la mimba sikulijua. Na Keith, mtoto wa Bi Edna anayekuja kumwona kila Jumapili, hajui kwamba ana kaka.

Nikarudi chumbani kumwomba radhi. Hakukumbuka kicheko changu. Akili yake ilisharudi nyuma: yeye bado ni msichana, na tumbo halijaonekana.

Akanivuta mkono. "Usimwambie mama. Asipojua, labda wataniachia mtoto wangu."

Nikamwambia, "Simwambii."

Akatabasamu, shoga. Mimi nimekuja kulilia huku stoo ya mashuka.