Mama Chiriku: Mwaka Mmoja wa Jikoni Bila Wewe

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu ile asubuhi ulipotoka kwenda hospitali umejishika kifua, ukageuka mlangoni na kuagiza maharage yalowekwe kwa sababu jioni ungerudi kuyapika. Hukurudi. Tuliyapika sisi wenyewe, watu wakiwa wamejaa sebuleni, na hayakuiva.

Tunakukumbuka saluni, umesimama nyuma ya kiti cha mteja, vidole vikisuka bila kutazamwa, na simu umeiegemeza kwenye kioo kati ya vitana na makopo ya mafuta. Ikifika saa kumi ulikuwa unaiinamia na kuanza kurekodi ujumbe wa sauti kwa kundi lenu: "Jamani wa Leo Tunapika Nini, mimi nina viazi, mayai mawili na kitunguu kimoja kilichoanza kuota. Nisaidieni." Kabla hujafunga msuko mmoja majibu yalikuwa yameshaingia. Mama Pacha, rafiki yako wa tangu shule, alikuwa na la kusema kila siku. Dereva, jirani yako anayeendesha basi la wanafunzi, alijibu akiwa ameegesha, na nyuma ya sauti yake watoto wanapiga kelele. Hata wateja waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele walichangia, wakipaza sauti kwa kuwa hawakujisikia wenyewe.

Baba yako, aliyehamia kwako uzeeni, alikuwa akikutania. "Nyie mnakizungumza chakula kuliko mnavyokila." Ulicheka, ukampakulia mara ya pili.

Tunakumbuka ulivyomlea binti yako Chiriku peke yako. Jina ulimpa mwenyewe, maana tangu alipojua kusema mdomo wake haukupata likizo. Alikuwa na miaka miwili ulipogundua kwamba karanga ni sumu kwake, kwamba hata vumbi lake linaweza kumvimbisha koo akakosa pumzi. Tangu siku hiyo karanga haikuvuka kizingiti chako. Mchuzi uliotaka karanga uliufanya mzito kwa mbegu za maboga, ukawafundisha marafiki zako wote, nao wakaacha karanga majumbani mwao ili Chiriku aweze kula popote. Uliyafanya hayo huku ukiimba. Sisi tulidhani hujui hofu.

Sasa tukueleze habari za mdogo wako, kwa sababu tunajua ndizo ungeziuliza kwanza.

Unamjua. Mtu wa kazi yake, anakaa siku nzima chumba cha nyuma cha duka la miwani akichonga lenzi, na akitoka anakula mkate na chai, basi. Ulikuwa ukimwambia jiko lake litaota ukungu. Ulipozikwa, hakuna aliyemwomba. Alimshika Chiriku mkono, akahamia kwako na mashuka yake na mto wake, akamwambia Baba, "Nitakaa hapa na nyinyi." Baba akamuuliza atawapikia nini. Akasema hajui.

Mama Pacha alimwingiza kwenye kundi lenu siku hiyohiyo. "Mdogo wetu, karibu. Hapa hatuchekani, ila ukiunguza wali tutakucheka."

Akaunguza, wakamcheka. Lakini kicheko hakikumfikia, kwa sababu mdogo wako alikuwa anaogopa, dada wa watu. Aliogopa tangu chungu cha kwanza. Alichukua kile kioo cha kukuzia anachokagulia mikwaruzo ya lenzi, akawa anakwenda nacho dukani, anasoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti hadi mwenye duka akadhani ni mkaguzi wa serikali. Mikono aliiosha mpaka ikapasuka. Chiriku akikohoa tu, mwiko ulimdondoka. Alikuwa akimtazama mtoto anavyotafuna, chake kinapoa kwenye sahani.

"Mama mdogo, na wewe kula," Chiriku anamwambia.

"Nakula."

"Huli. Unanihesabia meno."

Jioni moja, mwezi wa tatu tangu uondoke, alijipa moyo. Aliuliza kwenye kundi namna ya kupika mboga za majani kama ulivyokuwa ukizipika wewe. Mama Pacha akamwelekeza taratibu, hatua kwa hatua: kitunguu, nyanya, mboga, kisha unga wa mbegu za maboga ukorogwe na maji ya uvuguvugu. Mdogo wako akaenda dukani. Unga ulikuwepo, umefungwa kwenye mifuko ya nailoni, wa kijani kilichopauka kama alivyouzoea kuuona kwako. Haukuwa na maandishi ya kusoma. Akauliza, "Hizi ni mbegu za maboga tupu?" Muuzaji akasema ni tupu. Akanunua.

Mboga ilitoka vizuri. Baba alisema inafanana na yako, na tangu msiba ulipotufika hakuwa amesifia kitu. Chiriku alikuwa anasimulia habari za mwalimu aliyekaa kwenye gundi, anacheka, anakula, anasimulia. Kisha akanyamaza katikati ya neno.

Mdogo wako anasema hajawahi kusikia ukimya kama ule. Aliinua macho, akaona mdomo wa chini umeanza kuvimba. Chiriku akajikuna shingo. "Mama mdogo," akasema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa nyembamba na ya kukwaruza, "koo linawasha."

Sindano ya dharura, ile ya kutuliza mzio, ilikuwa kwenye mkoba mwekundu nyuma ya mlango, pale ulipouning'iniza. Mdogo wako, mwenye mikono inayoshika kioo chembamba kuliko ukucha na isitetemeke, hakuweza kufungua zipu. Aliing'ata kwa meno. Baba alimpakata mtoto, akamshika miguu, huku akimwita jina lako badala ya lake. Chiriku alikuwa akivuta pumzi kwa mlio, kama mlango usiotiwa mafuta, midomo inabadilika rangi. Mdogo wako akaikandamiza sindano pajani juu ya nguo, akapiga kelele dirishani: "Dereva! Dereva, mtoto!"

Dereva alitoka na taulo kichwani na kiatu kimoja. Hakuuliza kitu. Walimpakia Chiriku kwenye basi la shule, na njia nzima mdogo wako alimwekea sikio kifuani, maana kelele ya injini ilimzuia kusikia kama bado anapumua. "Pumua, mama. Pumua tena. Tena." Dereva alipita kila mahali pasipopitika, mkono umeganda kwenye honi.

Madaktari walimpokea mlangoni mwa hospitali, wakamrudishia pumzi. Amepona, mpendwa wetu. Tunalisema mapema ili usisubiri kama tulivyosubiri sisi kwenye benchi lile.

Baadaye Dereva alikwenda dukani kuuliza. Muuzaji hakusema uongo. Mbegu zilikuwa tupu, ila mashine iliyozisaga ndiyo inayosaga na karanga. Wewe ulizisaga nyumbani kwa mkono siku zote. Mama Pacha alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na kwa kulijua mno hakukumbuka kulisema.

Mdogo wako alijitoa kwenye kundi bila kuaga. Kuanzia hapo nyumba yako ilikula wali mweupe na yai la kuchemsha. Mchana wali na yai. Jioni yai na wali. Viungo vyote alivitupa, hata chumvi akanunua mpya. Shule alimwachisha Chiriku kwa muda, akawa anamkalisha kwenye kigoda kule chumba cha nyuma, kati ya mashine za lenzi, ili asimpoteze machoni. Mtoto alikonda. Lililotutisha zaidi ni kwamba aliacha kupiga soga. Alikuwa akinusa sahani kabla ya kula, kama paka, kisha anamtazama mama yake mdogo usoni kuona kama ni salama.

Ndipo mdogo wako alipompigia simu kaka yako.

"Kaka, njoo umchukue."

"Nimchukue nani?"

"Mtoto. Kwako kuna mkeo anayejua kupika. Njoo umchukue kabla sijamuua."

Kaka yako alifika Jumamosi, karibu na mchana. Begi lilikuwa tayari mlangoni na Chiriku amelikalia, viatu miguuni. Baba alikuwa amegeukia ukutani, anajifanya anasinzia. Kaka yako anakiri kwamba naye alikuwa anaogopa. Njia nzima alikuwa akijiuliza ni vyakula gani vilivyomo jikoni mwake na nani atavijua vyote.

Wakati huo Mama Pacha akabisha hodi. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya hospitali. Alisimama nje ya mlango, mikono ameifunga ndani ya khanga yake, kama mtu anayeficha kitu.

"Sikuja kuingia," akasema. "Nimesikia mtoto anaondoka. Nimekuja kusema neno moja, kisha unifukuze."

"Sikufukuzi," mdogo wako akamjibu. "Kosa si lako. Mimi siwezi, basi. Mimi si dada. Dada hakuwa anaogopa."

Mama Pacha alimsogelea hatua moja. "Nani kakwambia?"

Hapo ndipo alipotueleza yale ambayo wewe hukutueleza. Kwamba Chiriku alipokuwa na miaka mitatu ulimpa biskuti kwa mkono wako mwenyewe, pale saluni, zawadi ya mteja, na ilikuwa na karanga ndani. Kwamba ulimkimbiza hospitali na kitana kimekwama kwenye nywele zako.

"Mnakumbuka kipindi kile alichokuwa haji kula kwenu Jumapili?" Mama Pacha akauliza.

"Alisema ana wateja wengi," akasema kaka yako.

"Hakuwa na wateja. Aliogopa sahani za watu. Aliogopa hata zake. Alimpikia mtoto wali mweupe, wali mweupe, hadi nikamkuta kajifungia stoo analia katikati ya maboksi ya nywele za bandia. Ananiambia, mchukue mwanangu, mimi nitamuua." Aliitoa mikono ndani ya khanga. "Nikamwambia mtoto simchukui. Ila kila siku kabla hujawasha jiko, niambie unapika nini na umeweka nini, na mimi nitaangalia. Kesho yake tukamwongeza Dereva. Ndivyo lilivyoanza hilo kundi. Mlidhani ni umbea wa mapishi? Yule alikuwa hawezi kushika mwiko bila kutetemeka. Alikuwa anaimba ili mtoto asimsikie anavyohema."

Baba aligeuka kutoka ukutani. Hatukuwahi kumwona na uso ule.

Mdogo wako alikaa chini, palepale sakafuni karibu na begi, akalia vile ambavyo hakulia kwenye mazishi yako. Alipomaliza alinawa uso, akaenda jikoni. "Ingia," akamwambia Mama Pacha.

"Naingia, lakini sishiki kitu. Mikono yangu naiogopa siku hizi."

Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akawa anaelekeza. Safari hii hakuacha jambo. Mdogo wako alisugua kinu kwa maji ya moto, akachagua mbegu zilizotoka kwenye boga alilolipasua mwenyewe, akazikaanga, akazitwanga huku jasho linamtiririka. Dereva aliitwa akaja kutazama. Kaka yako alikata vitunguu vibaya, akazomewa. Kila kilichoingia chunguni kilitajwa kwa sauti kwanza, na watu watatu wakakiitikia.

Sindano mpya iliwekwa mezani, karibu na maji. Chiriku alipakuliwa wa mwisho. Alinusa, akamtazama mama yake mdogo.

"Unaogopa?" akamuuliza.

Mdogo wako hakumficha. "Naogopa sana. Lakini nimekiangalia, na hawa wote wamekiangalia."

Chiriku akala. Hakuna mtu mwingine aliyenyanyua mkono. Tulimtazama mpaka sahani yake ikabaki nyeupe, na hata baada ya hapo tukaendelea kukaa, tunasikiliza pumzi zake, mboga zetu zimepoa.

"Mbona mnanitazama kama televisheni?" akasema. "Naomba nyingine."

Kaka yako alirudi kwake jioni ile peke yake. Begi lilifunguliwa.

Hatutakudanganya kwamba hofu imeisha. Mdogo wako bado anakunja uso kila anapoalikwa mahali. Kila Chiriku anapotoka kwenda shule, ambako amerudi, mama yake mdogo anasimama dirishani mpaka basi la Dereva lipinde kona. Mama Pacha ameanza kushika mwiko tena, siku zingine. Nasi, tuliokuwa tukila kwako bila kuuliza, sasa tumo kwenye kundi sote. Baba amefundishwa namna ya kurekodi sauti, na anatuma maelezo marefu kuhusu uji. Ulibeba woga huu miaka yote ukitupakulia. Laiti tungejua, tungekusaidia kuubeba.

Wiki iliyopita aliingizwa kundini mama kijana, mteja wa saluni yako, ambaye mwanawe amekatazwa mayai. Hakuuliza mapishi. Aliandika tu: "Nisameheni, mimi naogopa kupika." Kabla ya yeyote kujibu, mdogo wako alisimamisha mashine yake ya lenzi, akafuta vidole, akamwandikia: "Hata mimi naogopa. Jikoni una nini?"

Unakumbukwa na baba yako, kaka yako na mkewe, mdogo wako, na binti yako Chiriku. Pamoja na Mama Pacha, Dereva, wenzako wa saluni na wote wa Leo Tunapika Nini.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Mama Chiriku. Pumzika.