Kivuti Wawili wa Njiru

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Embu. Tarehe 9 Februari 1956, saa nne asubuhi.
Jina: Kivuti wa Njiru. Umri: miaka 25 hivi. Kazi: utingo wa lori. Makazi: Meru mjini, nyumbani Runyenjes.

Nimeitwa nami nimekuja. Mara ya mwisho nilipoeleza haya hapa hapa, hakuna aliyeandika.

Mimi ni kifungua mimba wa Njiru wa Kivuti na mkewe Wamuyu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, ndiyo maana naitwa Kivuti. Marehemu Njeru, kaka yake baba, naye alimwita mwanawe wa kwanza Kivuti. Huyo alibatizwa Elphas baadaye, na hapa nitamwita hivyo. Njeru alikufa Elphas akiwa bado ananyonya, baba akamlea. Tulikula chungu kimoja.

Mwaka 1947 tulikwenda pamoja kuandikiwa vipande vya utambulisho. Karani alipomuuliza Elphas jina la baba yake, baba yangu ndiye aliyejibu: "Andika Njiru. Kwangu hakuna yatima." Nilijivunia baba siku hiyo. Tulirudi nyumbani tukiwa Kivuti wa Njiru wawili.

Mnamo tarehe 12 Mei 1954, saa tatu asubuhi, nilikuwa Meru mjini nikipakia lori la Bwana Hirsi, tajiri wangu Msomali. Askari walikuja na orodha ya watu waliowapelekea wapiganaji chakula msituni huku Embu. Walisoma kipande changu, wakanitia pingu. Bwana Hirsi aliwaambia, "Huyu kijana iko na mimi mwaka mbili. Embu haendi." Hawakumsikiliza, akanigeukia kwa hasira: "Nyinyi watu mnakwama kwa baba tu! Mimi ni Hirsi Mahamed Hared, na naendelea mpaka babu wa kumi na tano. Nani atashikwa badala yangu?"

Nilipoletwa hapa kituoni nilimwambia Inspekta kwamba tuko wawili. Yeye ni Mzungu. Aliuliza kwa nini hatuna jina la ukoo kama kwao, ambako babu, baba na ndugu wote huitwa jina moja. Nilimjibu kwamba kwa jina la namna hiyo angetufunga ukoo mzima. Nilipigwa kofi. Orodha ilikuwa na jina bila namba ya kipande, na alama zetu za vidole zilikuwa Nairobi. Lakini mtoa habari alikuwa amesema anayetafutwa ni yule yatima aliyelelewa na Njiru. Kwa hiyo baba na Elphas waliletwa, tarehe 14 Mei, saa nane mchana, baba aonyeshe yatima ni yupi.

Baba alinitazama. Kisha akamshika Elphas bega, akasema, "Wangu ni huyu. Yule ni wa marehemu kaka yangu." Elphas aliondoka naye.

Nilikaa kambini miezi ishirini na moja. Baba alikuja mara moja, Desemba ya mwaka huo, akasimama nje ya seng'enge. Alisema, "Mwanangu, Njeru aliniachia yule mtoto akikata roho. Chako unaweza kukitoa. Cha kuwekewa huwezi." Alipoondoka nililia, na ilikuwa hasira tupu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikujua nguo yenyewe ingekuwa baba.

Tarehe 3 mwezi huu Elphas alishikwa karibu na msitu akiwa na gunia la viazi. Alisema mwenyewe kwamba yeye ni wa Njeru. Ndipo nikafunguliwa. Sasa naambiwa baba atashtakiwa kwa kuidanganya polisi, na bila neno langu kesi haisimami. Mama amenishika mkono mlangoni asubuhi hii: "Kivuti, usimfunge baba yako." Nimemwambia aniache nifikiri.

Nimefikiri. Sitasema Njiru wa Kivuti alidanganya. Alisema mimi si mwanawe. Alipomaliza kusema hivyo, ikawa kweli. Nikipewa kipande kipya, kiandikwe Kivuti wa Wamuyu, hata watu wakisema sina baba.

Nimesomewa maneno haya kwa Kiembu. Ni yangu, sina la kupunguza.

(Dole gumba la kulia) Kivuti wa Wamuyu

Maandishi ya ofisa: Shahidi aliombwa atumie jina la kipande, akakataa. Kwa maelezo haya, mzee Njiru hawezi kushtakiwa. Alikuwa amekaa barazani tangu alfajiri. Shahidi alimpita bila salamu. Mzee alipoambiwa yuko huru kwenda, aliuliza mwanawe amepita wapi. Nilimwambia ameondoka na lori la Meru.
Koplo Kiambi