Karata ya Mwanamuke Aliyefungwa Macho

Mariam, acha kila kitu usome. Nimejifungia chumbani.

Unajua ile barua ya posa ya kina Anwari niliyoshindwa kujibu. Kulthumu, binamu yangu ninayelala naye kitanda kimoja, ndiye alinipeleka Minago kwa mama mumoja anayetabiri kwa karata. Ikatoka karata ya mwanamuke kafungwa kitambaa machoni, ameshika panga mbili. Mama akasema, "Huyu ni wewe. Umeshindwa kuchagua, na kitambaa umejifunga mwenyewe. Usijibu mpaka mwezi uandame."

Nikangoja. Mimi mujinga nikangoja!

Leo shangazi zake Anwari wameingia kwetu na vigelegele na kitenge cha uchumba. Nikatoka mbio, nikainamisha kichwa wanifunike.

Wakanipita.

Mariam, WAKANIPITA! Wakamufunika Kulthumu!

Shangazi mukubwa akaniambia polepole, "Mwanangu, si ulikataa? Mwenzako ndiye alituletea jibu, akasema yeye yuko tayari."

Mwenzangu!

Sasa nachungulia dirishani. Unajua nani iko uani anapakua pilau? Yule mama wa karata. Kulthumu anamuita mama mudogo; kumbe ni ndugu ya mama yake, upande nisioujua!

Ameniona. Akavuta mtandio mpaka machoni.