Kikombe Hukukitikisa, Ami

Ami yangu,

Naogopa. Bora nianze na hilo, maana wewe hukuwa mtu wa kudanganywa. Ningekuletea maneno matamu ungesema, "Salma, hebu tema hicho kilichokukwama."

Jumamosi nasafiri kwenda Uingereza. Watu wa televisheni uliofanya nao kazi miaka yote wanakufanyia usiku wa kumbukumbu, na wamenitaka miye, binti wa ndugu yako, nisimame jukwaani niigize kile kichekesho chako cha kahawa. Miye! Mwalimu wa watoto hapa Ibra, niliyezoea kuchekesha wanawake kwenye harusi za Mudhaibi. Simu ikilia tu, roho juu.

Lakini Wazungu si kitu. Niliyemuogopa ni Bibi, mama yako.

Unajua kwa nini. Unguja ilipochafuka, ulipelekwa Uingereza na ami yako, mtoto mdogo, na Bibi akaja kuishia huku nchi ya Waarabu. Kule ukaosha sahani, ukachekesha walevi kwenye vilabu, ukapewa kusema sentensi moja kwenye televisheni, halafu ukawa yule dereva wa basi wa kwenye mchezo aliyewafanya Waingereza wasitoke nyumbani kila Ijumaa. Ulipokuja Ibra kumuona mama yako mara ya kwanza, ulikuwa na mvi na Kiswahili cha kitoto. Bibi akaushika mdila wa kahawa mwenyewe, akakataa mtu mwingine asikumiminie. Na wewe maskini hukujua kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha. Ukanywa, akamimina. Ukanywa, akamimina, mpaka macho yakakutoka pima.

Uliporudi Uingereza ukaifanya kichekesho chako kikubwa kuliko vyote: kizee na mdila wake, hasikii, haoni, anamimina tu, na mgeni anazidi kuvimba. Watu walivunjika mbavu. Bibi akikutazama kwenye televisheni hapa sebuleni, Kiingereza hajui, anafurahi kuuona uso wako basi. Hakuna aliyemweleza yule kizee ni nani.

Jana baada ya alasiri akaniita. "Kabla hujenda kuwachekesha Wazungu, hebu nichekeshe miye kwanza. Kwa Kiswahili."

Wallahi Ami, nilikwama. Nikatae vipi? Tangu habari za msiba wako zije hajaomba kitu, hata maji tunamlazimisha. Na nikubali vipi? Nilijua atajitambua. Atasema kumbe mwanangu alikuwa akinicheka mbele ya dunia nzima, na wewe hupo, huwezi kumshika mkono ukamweleza. Uchungu juu ya uchungu, na umri ule, si tutamzika na yeye?

Akachukua mdila. Nikakaa chini kama ulivyokuwa ukikaa, shingo imezama mabegani. Akanimiminia, nikanywa, nikanyoosha kikombe... na mkono ukanitetemeka. Hofu tu, Ami. Kikombe kikacheza. Bibi akauweka mdila chini, kama desturi.

"Mwanangu yeye hakutikisa," akasema. "Nilimuona kuwa hajui. Baba yako alitaka kumwambia, nikamkonyeza anyamaze. Akitikisa atainuka. Akiinuka, atarudi kwao."

Halafu akacheka, Ami! Kicheko chako kile kile cha puani, huku machozi yanamwagika mpaka kwenye leso. Nami nikalia, sikuweza kujizuia.

Hukuyajua haya. Umekwenda kaburini ukiamini kwamba mama yako alikuwa haoni, kumbe alikuwa anakuona wewe tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hofu haijaniisha. Sasa naogopa kumuacha, naogopa nitarudi nikute kiti chake kitupu. Ameniambia niende tu, nisijifanye daktari.

Nitapita kaburini kwako kwanza, nikusomee Fatiha na barua hii. Kisha nitapanda jukwaani nikiwa natetemeka hivi hivi. Ila kizee wangu ataona kila kitu, na atawakonyeza Waingereza wote wanyamaze.

Mungu akulaze pema, Ami. Nakuahidi nikirudi nitakaa mbele ya mama yako, niushikilie mkono huu usinicheze. Atakavyomimina, nitakunywa.

Salma wako