Salamu Iliyochelewa Kisiwani

Temeke, 1951

Jamali ndugu yangu, karatasi hii usiisome barazani.

Wazikumbuka beti zangu za adabu za mgeni wa kisiwani, nilizowasomesha vijana msikitini mpaka wakasinzia? Ubeti wa kwanza: msalimu kila umwonaye. Nimeuvunja mimi mwenyewe, tena siku ya kumposea mpwa wangu.

Kisiwa cha kina binti hakina gati; mashua huishia majini. Kwa magoti yangu haya ya uzee, mtu mmoja aliyevaa msuli akanibeba mgongoni hadi mchangani. Nikamwambia tu, "Polepole, kanzu isilowe."

Sikumsalimu, Jamali. Na njia nzima nikamweleza kwamba watu wa visiwani hawana adabu.

Tukaketi kumngoja baba wa binti. Akatoka yule yule aliyenibeba, msuli ungali unachuruzika maji. Nikainuka na salamu yangu ndefu.

Akajibu, "Waalaikumu salamu, shekhe. Nimeingoja tangu majini."

Mpwa wangu, kwa hofu ya kunyimwa mke, akamsimulia habari za beti zangu.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Sharti ni moja: siku ya nikahi atanibeba tena yeye mwenyewe, nami niusome ubeti wa kwanza kwa sauti, hadi mchangani.