Mkono Usiovumilia Doa

Jumanne, 4 Machi

Haya, umerudi! Ulikuwa wapi, wewe mwanamke? Tangu mwezi wa kumi na moja daftari limelala chini ya mto kama mgonjwa asiye na ndugu. Ulijiapia utaandika kila jioni, mistari mitatu tu. Mitatu! Mdomo unao, mkono huna. Ungekuwa mtu mwingine ningekufungia mlango. Lakini ni mimi mwenyewe, nitajifungia wapi? Kaa kitako, uandike.

Kilichonirudisha ni Sindano. Mjukuu wangu wa kike, miaka kumi na saba, mwembamba kama jina nililompa, na anachoma vilevile. Amemaliza shule, anakaa kwangu. Baba yake, mwanangu wa pili, amemtafutia kazi ya mapokezi ofisini anakoendesha gari la bosi. Kukaa mezani, kuwaambia watu subirini. Sindano hataki. Anataka chuo cha uchoraji. Chuo nacho kinataka picha tatu alizochora mwenyewe, na fomu yenye saini ya mzazi, maana hajafika miaka kumi na minane.

Mwanangu kasema atakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita. Ataziangalia picha. Akiona kitu, atasaini. Asipoona, Jumatatu mtoto yuko mapokezi.

Akiona kitu! Huyu asiyeona soksi zake mwenyewe!

Na mimi nimo mpaka shingoni. Nani alimwambia mtoto aanze na rangi za maji? Mimi. Niliona kiboksi kwenye dirisha la duka la vifaa vya shule, vidonge kumi na viwili vya rangi kama peremende. Nikasema: maji tunayo, hazinuki, zikimwagika nguoni zinatoka. Anza na hizi. Nilisema kama mtu anayejua.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa mabango kaja kuchukua mashuka yake niliyomfulia. Ndiye anayeandika vibao vya maduka yote mtaani. Kamwona Sindano uani na kiboksi chake, kacheka.

"Bibi, nani kampa mtoto hizi?"

"Mimi. Una neno?"

Alikuwa nalo. Kasema rangi za maji si za anayeanza. Rangi ya mafuta ukikosea unasubiri ikauke, unapaka juu yake, nani atajua? Hizi hazifichi. Ukikosea umekosea, dunia nzima inaona. Na nyeupe hakuna — nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika ndiyo basi. Eti ni sawa na kumfundisha mtoto kutembea juu ya ukuta.

Nikamwambia kile kibao chake cha kinyozi kina kichwa kama yai, je, alipaka juu yake mara ngapi? Kacheka mpaka akaketi kwenye ndoo.

Lakini maneno yameniingia. Sindano kayasikia yote. Baada ya fundi kuondoka, kachana karatasi mbili.

Sikutulia leo. Nimepiga pasi shati moja mara mbili, la pili nimelisahau juu ya kamba likalowa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu mwenyewe! Sindano alipokwenda kununua karatasi nene nikajifungia na kiboksi. Nilichora beseni. Lilivyotoka, Mungu ndiye anayejua.

Lakini nimegundua jambo. Unaanza na rangi nyepesi, nzito zinakuja baadaye, nyeusi mwisho kabisa. Ukigeuza, umeharibu zote. Si ndivyo tunavyofua? Nyeupe kwanza, za rangi baadaye, nyeusi mwisho! Na rangi ikikuta mahali palipolowa inakimbia kama kitambaa chekundu kipya. Pakiwa pakavu inatulia. Mimi shule sikupelekwa. Herufi hizi nilizisoma kwenye kola, majina ya wafanyakazi yaliyoshonwa kwa uzi, miaka thelathini na miwili kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Lakini maji nayajua. Maji hayanidanganyi.

Sindano karudi, kaona kazi yangu.

"Mke mwenzangu, huyu kobe kala nini?"

"Beseni hilo, mjinga wewe!"

Kacheka hadi akashika ukuta. Nikamwambia habari ya nyeupe kwanza, nyeusi mwisho. Kaangalia kamba yangu ya nguo, kaangalia karatasi, kashika brashi. Hakuiweka chini mpaka chakula kikapoa.

Hazifichi? Zisifiche! Anayeanza kwa kuficha atamaliza kwa kuficha. Nilitaka kumfuata fundi nikamwambie hilo usoni. Nimefika getini mara mbili, nimerudi.

Jumanne, 11 Machi

Picha mbili ziko tayari. Viatu vya marehemu babu yake, na ndoo mbili chini ya bomba. Zile ndoo unaweza kuzinyanyua!

Ya tatu hanionyeshi. Kanisimamisha kwenye meza ya pasi saa nzima.

"Usisogee, bibi."

"Nimesimama hivi tangu baba yako hajazaliwa, nani kakwambia nitasogea?"

"Na mdomo pia."

Mdomo! Nikaufunga. Mateso.

Karatasi zilikuwa zinajikunja kama majani ya kabichi. Nikamfundisha: ikishakauka kabisa, igeuze, kitambaa safi chini, kingine juu, pasi ya uvuguvugu, unapita kwa nyuma tu. Ikatoka imenyooka kama kola. Kanibusu hapa, kwenye paji la uso. Naandika ili nisisahau ni wapi.

Jioni baba yake kapiga simu. Kauliza Sindano anavaa saizi gani, wanataka kumshonea sare ya mapokezi. Nikamwambia tarehe kumi na sita haijafika, ashonewe yeye.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Anza tu.

Sindano alikwenda kutoa kopi za vyeti. Picha ya tatu iko mezani, imefunikwa na taulo. Nikasema naangalia kidogo. Kidogo tu.

Ni mimi. Nimeinama, mkono uko kwenye pasi. Mkono kaupata! Kiwiko kile ni cha mama yangu, kimetoka kaburini kimekaa kwenye karatasi. Machozi yalinilenga.

Halafu nikaliona. Doa! Kifuani kwangu, kubwa kama sahani, ukingo wake umepindapinda. Doa la maji — tone likianguka kwenye kitu kilichokauka nusu, linaisukuma rangi pembeni na kuacha pete. Nimeyaondoa maelfu. Na hili liko kwenye gauni langu! Mimi, dobi, nipelekwe chuoni na doa kifuani? Walimu waulizane huyu bibi kwao hakuna sabuni? Nikasema mtoto kakosea, kaona haya kuniambia, ndiyo maana kafunika.

Na dawa ninayo. Doa la maji halisuguliwi. Unalowesha kipande kizima, mpaka kwenye mshono, ili pasibaki ukingo. Nikachukua sponji mpya, maji ya uvuguvugu. Polepole, kama namwosha mtoto mchanga. Doa likatoka. Likatoka na wenzake — mkono ukapauka, pasi ikapauka. Lakini palikuwa safi! Nikakausha, nikapiga pasi kwa nyuma, nikafunika. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: nilijisikia vizuri. Niliimba.

Sindano karudi anang'aa. Kasema jana alipita na picha ile kwa fundi wa mabango. Fundi kaweka brashi chini. Kisha kauliza ule mvuke wa pasi kauchora vipi, maana yeye na rangi zake za mafuta asingeupata hata kwa mwaka.

"Mvuke upi?" nikauliza.

"Ule wa kifuani kwako, bibi. Tone lilidondoka. Nilitaka kulifuta, nikajizuia. Nikaliacha likauke lenyewe, likawa mvuke."

Nikamwambia akaoge, maji yanapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Sindano kaifunua picha asubuhi. Nilikuwa jikoni nimeshika mfuniko wa sufuria. Sikusikia kitu. Laiti angepiga kelele.

Baadaye kaja kasimama mlangoni. Kasema hakuiacha ikauke vizuri, imejifuta. Fundi alisema kweli. "Haziwafai wanaoanza, bibi. Hazinifai mimi."

Nikasema: umekula?

Kiboksi kakipandisha juu ya kabati. Kauliza mtu wa mapokezi anaruhusiwa kukaa au anasimama siku nzima. Nikauliza tena kama kala. Mara ya tatu nikamfuata hadi chumbani, nimejaa maneno, nikafungua mdomo.

"Bibi," kasema, "nimekula mara mbili."

Mdomo huu! Umemgombeza mwenye nyumba, umemgombeza polisi, uliwahi kumgombeza daktari na sindano yake mkononi. Leo umelala kama paka. Nimezunguka uani, nimefua vitu visafi. Kesho baba yake anakuja.

Jumapili, 16 Machi

Naandikia juu ya meza ya pasi. Nimepewa dakika kumi.

Mwanangu kafika saa nne. Kaketi, kazipanga picha kwenye kochi. Viatu vya babu — katikisa kichwa, kagusa kamba za viatu kwa kidole. Ndoo — kasema "ndoo." Ya tatu kaishika muda mrefu.

"Hii safi," kasema. "Huyu ndiye mama yangu. Hana hata doa." Katoa kalamu mfukoni.

Ningenyamaza, angesaini. Niandike hilo. Ningenyamaza dakika moja tu.

Lakini Sindano kasema: "Usisaini, baba. Hiyo imeharibika. Ilikuwa nzuri, sijui nilifanya nini."

Kalamu ikasimama. Mwanangu si mtu mbaya, ni mtu wa njia iliyonyooka. Kauliza kwa upole, upole uliouma kuliko kofi: kama hujui ulifanya nini, utakwenda kusomea nini?

Mtoto kainamia zile picha, kaanza kuzikusanya.

"Ni mimi," nikasema.

Wakageuka wote.

"Mimi ndiye niliyeiosha. Kwa sponji. Nikaipiga na pasi. Niliona doa kifuani kwangu nikashindwa kulivumilia. Mtoto hakuharibu kitu."

Mwanangu kacheka — ha! moja — kisha kamwona bintiye, akaimeza iliyobaki. Sindano hakulia. Hakunitukana. Kaniangalia tu, nami nikatamani anitukane. Kisha kauliza kitu kimoja:

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya uvuguvugu."

Kaitikia kwa kichwa kama daktari. Kavuta stuli, kakishusha kiboksi. Karatasi imebaki moja.

"Baba, unaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Bosi anataka gari saa kumi."

"Bibi, mezani."

Basi niko mezani tangu saa tano na nusu. Sasa ni saa saba kasoro dakika tano. Tabaka la kwanza linakauka, jepesi, huoni ila kivuli cha mtu. Nilinyanyua pasi ili nisaidie kukausha. Kaniangalia. Nimeishusha.

Mwanangu yuko kwenye kochi, fomu iko gotini. Ameikunja mara mbili, sasa mara nne. Kaniuliza kwa sauti ya chini, Sindano akiwa bombani: mama, kitu kinachoharibika kwa tone la maji, kweli ni cha kumpa mtu anayeanza?

Nikamwambia: tone halikuharibu kitu. Tone lilidondoka, anayeanza akaliacha. Aliyeharibu ni mzoefu wa miaka thelathini na miwili. Mkono wake mtoto ulijua kutulia, wangu haukujua. Sasa niambie wewe, nani kati yetu rangi hizi hazimfai?

Kaikunjua fomu, anaipiga pasi kwa kiganja juu ya paja.

Sindano karudi na maji masafi. Hajasema nami neno ambalo si la kazi. Simama. Kiwiko juu. Usisogee. Anagusa karatasi kwa nyuma ya kidole, anasubiri ikauke. Saa mbili zimebaki, na rangi nzito bado, nyeusi bado, na mvuke hauji kwa kuitwa.

Ananiita. Nimesogea, eti.

Sikiliza wewe mwanamke, siku utakayofungua tena hapa: usianze na habari za mvua, usianze na magoti yako yanavyouma, na usijitetee. Andika kwanza — kasaini, au hajasaini. Kama hajasaini, funga daftari papo hapo, vaa viatu, mfuate mwanao mpaka kwake na fomu mkononi, ukae mlangoni kwake hadi atafute kalamu.